Appleton na siri ya anga ya ikweta jua linapotua

Ni wachache miongoni mwa wanafunzi wa shule zetu za upili wanaolifahamu jina la Edward Victor Appleton, na pengine si walimu wengi wa Fizikia wanaolitaja darasani. Hata hivyo, kila mkaazi wa ukanda wa ikweta aliyewahi kuketi kando ya redio ya masafa mafupi baada ya magharibi, akaisikia sauti ya mtangazaji ikipanda na kushuka, ikififia na kurejea, amekutana na jambo ambalo Mwingereza huyo aliyatumia maisha yake kulichunguza. Juu ya vichwa vyetu, kilomita mia kadhaa kutoka ardhini, anga hupatwa na msukosuko jioni, na msukosuko huo ni wa nchi zilizo karibu na ikweta hasa. Hauko London wala Berlin kwa namna ulivyo kwetu.

Nimeona vyema kuyasimulia maisha ya bwana huyu kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu muhimu ya sifa yake ilitokana na anga yetu, ingawa yeye aliisoma akiwa mbali. Pili, namna alivyozishughulikia namba zilizokataa kuafikiana na nadharia ni somo ambalo maabara za shule zetu zinalihitaji mno.

Appleton alizaliwa tarehe 6 Septemba 1892 katika mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, mji uliojulikana kwa viwanda vya nguo za sufu. Hakuzaliwa katika jumba la mabwanyenye. Babake, Peter Appleton, alikuwa mfanyakazi wa ghala. Kijana huyo alisoma katika shule ya Hanson mjini humo, na bidii yake ikamletea ufadhili uliomfikisha katika chuo cha St John's, Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka wa 1911. Huko alifuzu kwa daraja la kwanza katika sayansi, akiwa ameegemea upande wa Fizikia.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Appleton alijiunga na jeshi, na hatimaye akawa katika kikosi cha wahandisi kilichoshughulikia mawasiliano. Mwaka wa 1915 alimwoa Jessie Longson, na wakajaliwa mabinti wawili. Jeshini ndiko alikokutana kwa karibu na redio, chombo ambacho wakati huo kilikuwa bado kichanga na chenye vitimbi vingi. Aligundua kwamba wahandisi waliweza kukitumia bila ya kufahamu sawasawa mawimbi yalipita wapi yalipokuwa yakisafiri. Vita vilipokwisha alirejea Cambridge, katika maabara ya Cavendish, ambayo tangu mwaka wa 1919 ilikuwa chini ya uongozi wa Ernest Rutherford, na tatizo hilo la mawimbi akaenda nalo.

Msomaji aelewe jinsi tatizo lenyewe lilivyokuwa. Mnamo Desemba 1901, Guglielmo Marconi alikuwa amefaulu kupokea ishara ya redio kuvuka bahari ya Atlantiki, kutoka Uingereza hadi Newfoundland. Wajuzi walishangaa. Mawimbi ya redio husafiri moja kwa moja kama mwanga, na dunia ni mviringo. Je, yaliwezaje kuupinda mgongo wa dunia badala ya kupotelea angani? Mwaka uliofuata, Arthur Kennelly kule Marekani na Oliver Heaviside kule Uingereza, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba huenda juu kabisa ya anga kuna tabaka linalopitisha umeme, nalo huyarudisha mawimbi chini kama kioo kinavyorudisha mwanga. Lilikuwa wazo zuri. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 lilibaki kuwa wazo tu, maana hakuna aliyekuwa amelipima tabaka hilo.

Shirika la utangazaji la BBC lilianza kazi mwaka wa 1922. Appleton, akiwa Cambridge, aliyapima mawimbi ya kituo cha London na kugundua jambo ambalo wasikilizaji wengi walilichukulia kuwa usumbufu tu. Mchana mawimbi hayakutetereka. Usiku ulipoingia yalianza kupanda na kushuka. Appleton aliwaza kwamba huenda usiku mawimbi yalimfikia kwa njia mbili, moja ikitambaa ardhini na nyingine ikipanda angani na kurudi. Njia hizo mbili zikikutana, mara husaidiana na mara hupingana, ndiposa sauti ikawa inaongezeka na kupungua.

Mwaka wa 1924 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha King's, London, akiwa na umri wa miaka 32. Usiku wa tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, yeye na mwanafunzi wake kutoka New Zealand, Miles Barnett, walifanya jaribio lililoingia katika historia. Hawakujenga mtambo mkubwa wa mamilioni. Waliliomba shirika la BBC liwape mtambo wake wa Bournemouth baada ya matangazo ya kawaida kumalizika, wao wakaweka mtambo wa kupokea mjini Oxford. Masafa ya mawimbi yalibadilishwa polepole, nao wakahesabu ni mara ngapi ishara ilipata nguvu na kudhoofika. Kutokana na hesabu hiyo waliweza kujua urefu wa ile njia ya angani ulivyozidi ule wa ardhini, na hivyo wakaujua mwinuko wa tabaka lililoyarudisha mawimbi. Lilikuwa takriban kilomita 90 juu ya ardhi. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa amelipima jambo ambalo awali lilikuwa la kukisiwa.

Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1926 kuingia 1927, Appleton aliendelea na vipimo kwa kutumia mtambo wa Peterborough. Hapo aligundua jambo la pili, ambalo ndilo lililompa umaarufu zaidi. Saa za mwisho za usiku, kabla ya mapambazuko, lile tabaka la chini lilikuwa limedhoofika kiasi kwamba mawimbi yalilipenya. Hata hivyo hayakupotea. Yalirudi kutoka tabaka jingine lililokuwa juu zaidi, zaidi ya kilomita 200 kutoka ardhini. Lile la chini alilipa herufi E na lile la juu herufi F, akaziacha herufi nyingine kwa matabaka ambayo yangegunduliwa baadaye. Ukanda wote huo wenye matabaka hayo siku hizi huitwa ionosfia.

Namwomba mwanafunzi aliweke akilini jambo hilo moja, kwa maana tutalihitaji tutakapofika kwenye anga ya ikweta: giza likiingia tabaka la chini hufifia upesi, ilhali la juu hubaki. Sababu yake si ngumu. Miale mikali ya jua huzivunja chembe za hewa ya juu, elektroni zikatengana na atomu zake, na mchanganyiko huo wa chembe zenye umeme ndio uitwao plazima. Jua likitua, elektroni huanza kurudiana na chembe zilizoachana nazo. Kule chini hewa ni nzito kiasi, chembe hukutana mara kwa mara, na plazima huisha mapema. Kule juu hewa ni nyepesi mno, chembe haziharakishi kukutana, na plazima huweza kudumu hadi alfajiri.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupima bila kuchoka. Mwaka wa 1927 Appleton alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Kituo cha utafiti wa redio cha Slough, karibu na London, kilianza kuipima ionosfia kwa utaratibu, siku baada ya siku. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 1932 hadi 1933, Appleton aliongoza msafara hadi Tromsø, kaskazini mwa Norway, kuipima anga ya kule kwenye baridi kali. Mwaka wa 1936 alirejea Cambridge akiwa profesa.

Wakati huo nadharia nayo ilikuwa imepiga hatua. Mwaka wa 1931, mtaalamu wa hisabati Sydney Chapman alikuwa ameeleza kwa hesabu safi jinsi miale ya jua inavyoliunda tabaka la plazima. Kwa mujibu wa hesabu hizo, jua likiwa utosini plazima huwa nyingi zaidi, na likiinama plazima hupungua. Tabaka E lilitii nadharia hiyo kama mwanafunzi mwema. Tabaka F, hasa sehemu yake ya juu, lilikuwa kaidi. Mara liliongezeka lilipotarajiwa kupungua, mara likapungua lilipotarajiwa kuongezeka.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta Appleton akiwa amekabidhiwa, mwaka wa 1939, ukatibu wa idara ya serikali ya Uingereza iliyosimamia utafiti wa sayansi na viwanda. Mzigo ulikuwa mzito. Hata utafiti wa awali wa Waingereza kuhusu nguvu za atomu uliwekwa chini ya idara hiyo. Mwaka wa 1941 alitunukiwa heshima ya kuitwa Sir. Wakati huohuo majeshi yalihitaji kujua ni masafa gani ya redio yangefaa mahali gani na saa ngapi, kwa hiyo vituo vya kuipima ionosfia viliongezeka katika pembe nyingi za dunia, vikiwemo vile vya nchi za joto. Vita vilipokwisha, kulikuwa na marundo ya vipimo ambayo hayakuwahi kuwepo hapo kabla.

Hapo ndipo anga ya ikweta ilipojitokeza. Appleton aliviweka pamoja vipimo vya tabaka F vya wakati wa mchana kutoka vituo mbalimbali. Mtu yeyote aliyeiamini nadharia angetarajia kuona plazima nyingi zaidi kwenye ikweta, kwani huko ndiko jua linakowaka utosini. Namba zilisema vingine. Zilipopangwa kwa kufuata latitudo ya kawaida ya ramani, zilikuwa vurugu tupu. Zilipopangwa kwa kufuata ikweta ya sumaku ya dunia, zikapata mpangilio. Juu ya ikweta ya sumaku plazima ilikuwa imepungua, mfano wa bonde, na kila upande, kaskazini na kusini, kulikuwa na kilele ambapo plazima ilijaa. Appleton aliyatangaza hayo katika makala fupi kwenye jarida la Nature mwaka wa 1946.

Nini maana ya ikweta ya sumaku? Dunia ni kama sumaku kubwa, lakini sumaku hiyo imeinama kidogo, haikulingana na mhimili wa dunia. Kwa hiyo mstari ambao sindano ya sumaku hulala sawasawa bila kuinama haupiti pale ikweta ya ramani inapopita. Katika Amerika Kusini mstari huo hupita Peru. Upande wetu hupita Ethiopia, kaskazini ya Kenya. Nchi yetu basi, ingawa imekatwa na ikweta ya ramani, iko kusini mwa ikweta ya sumaku, kati ya lile bonde na kilele cha kusini.

Ni haki kusema kwamba Appleton hakuwa peke yake. Watafiti wawili wa Japani, Namba na Maeda, walikuwa wamelidokeza jambo hilo mwaka wa 1939, na leo wataalamu waadilifu huwataja pamoja naye. Jina lililoenea ni la yule aliyekuwa na vipimo vingi, cheo kikubwa na jarida linalosomwa kote. Hilo nalo ni somo kwa vijana wetu: ugunduzi usioandikwa mahali unapoweza kusomwa na wengi hubaki kama mshumaa chini ya debe.

Appleton aliiona tabia hiyo lakini hakuweza kuieleza yote. Wengine walikuja kuikamilisha kazi. Sisir Kumar Mitra wa Calcutta alipendekeza kwamba plazima ya juu ya ikweta huteremka ikifuata mistari ya sumaku hadi pande zote mbili. David Martyn wa Australia alionyesha kwamba umeme ndio unaoinyanyua plazima kwanza. Ukiyaunganisha mawazo hayo unapata picha kamili. Mchana, pepo za anga ya juu huzalisha umeme unaoelekea mashariki. Umeme huo ukikutana na mistari ya sumaku iliyolala kutoka kusini kwenda kaskazini, plazima husukumwa juu, kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde. Ikifika juu, uzito wake huirudisha chini, lakini haiwezi kuikata mistari ya sumaku, kwa hiyo huteleza juu yake kuelekea kaskazini na kusini. Wataalamu wameifananisha na chemchemi inayoruka juu na kumwaga maji kandokando. Ndiyo maana kati ni bonde na pande mbili ni vilele.

Sasa tufike jioni. Tungedhani kwamba jua likitua chemchemi hiyo ingetulia polepole. Kinyume chake, kwa muda wa saa moja au mbili baada ya magharibi, plazima ya ikweta huruka juu kwa kasi kuliko ilivyokuwa adhuhuri, mara nyingine zaidi ya mara mbili, ndipo igeuke na kuanza kushuka kwa ajili ya usiku. Kwa nini? Jibu linarudi kwenye kile Appleton alichokiona Peterborough. Mchana tabaka E hufanya kazi ya mfereji: umeme unaozalishwa na pepo za tabaka F huvuja kupitia huko chini. Giza linapoingia tabaka E hufifia upesi, na mfereji ukawa kama umezibwa. Pepo za juu bado zinavuma kuelekea mashariki, umeme hauna pa kuvujia, unajaa kwenye mpaka wa mchana na usiku, nao huisukuma plazima juu kwa nguvu mpya. Maelezo haya yalipata msingi imara kutokana na kazi ya Henry Rishbeth, Mwingereza, mwaka wa 1971, miaka sita baada ya kifo cha Appleton.

Kisha huja msukosuko wenyewe. Plazima iliyoinuliwa huwa nzito kuliko ile iliyobaki chini yake, ambayo imekwisha kupungukiwa. Ni sawa na kumimina maji juu ya mafuta: kilicho chepesi hakikubali kukaa chini. Sehemu zilizopungukiwa na plazima hupasua njia na kupanda juu kama mapovu, baadhi yakipita hata kilomita 1,000. Dalili za vurugu hizo zilikwisha kuonekana mwaka wa 1938, pale Henry Booker na Harry Wells walipoeleza jinsi mawimbi yaliyorudi kutoka tabaka F juu ya Huancayo, Peru, yalivyokuwa yametawanyika usiku. Mawimbi ya redio yakipita katika mapovu hayo humetameta kama nyota zinavyometameta. Redio ya masafa mafupi hukwaruza. Mawimbi ya satelaiti zinazotumiwa na marubani na wapima ardhi kujua walipo huyumba, na kipimo huweza kukosea. Katika upande wetu wa dunia hali hii huwa kali zaidi karibu na Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, na huzidi katika miaka ambayo jua lenyewe limechangamka.

Appleton alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 1947, kwa ajili ya uchunguzi wake wa anga ya juu na hasa ugunduzi wa tabaka F. Mwaka wa 1949 alihamia Scotland kukiongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mtu mwingine angeiacha sayansi ibaki kumbukumbu. Yeye aliendelea kuchunguza, na alikuwa mhariri wa jarida la fizikia ya anga lililoanzishwa mapema katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1956 alitoa mihadhara ya redio ya BBC kuhusu nafasi ya sayansi katika maisha ya taifa, mada ambayo sisi nasi hatujaimaliza. Mkewe Jessie alifariki mwaka wa 1964. Mapema mwaka wa 1965 alimwoa Helen Allison, aliyekuwa katibu wake kwa miaka mingi, lakini ndoa hiyo haikudumu ila majuma machache. Appleton aliaga dunia tarehe 21 Aprili 1965 akiwa na miaka 72, bado akiwa mkuu wa chuo.

Laiti angaliishi miaka miwili zaidi, angaliona jambo ambalo lingalimpendeza. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano, wakiongozwa na Luigi Broglio, walirusha satelaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, katika pwani yetu. Satelaiti ya mwisho kurushwa hapo, Machi 1988, ilibeba vyombo vya kupima mwendo wa chembe za umeme katika anga ya ikweta. Kule Peru, rada kubwa ya Jicamarca ilikwisha kuanza kazi mapema katika miaka ya 1960. Mwaka wa 1976 Ronald Woodman, mwana wa Peru, pamoja na mwenzake César La Hoz, walichapisha picha za rada zilizoonyesha jinsi vurugu hizo zinavyopanda kama moshi wa jikoni. Naam, watu wanaoishi chini ya anga ya ikweta nao wakawa miongoni mwa wale wanaoieleza.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia walimu na wanafunzi. Anga ambayo Appleton aliisoma kwa namba zilizomfikia kutoka mbali, sisi tunalala chini yake kila usiku. Jukwaa lilikuwa katika bahari yetu. Swali la haki ni hili: je, tunawalea vijana watakaoiuliza anga hiyo maswali, au tunawalea wa kukariri majibu ya waliokwisha kuuliza?

Tutazame yanayotendeka katika maabara nyingi. Mwanafunzi hufanya jaribio, akachora grafu. Nukta tano zinakaa vizuri kwenye mstari, ya sita inakataa. Hufanya nini? Mara nyingi huifuta, akaandika namba nyingine inayopendeza, kwa maana anajua mtahini anautaka mstari ulionyooka. Hatumlaumu yeye peke yake. Tumemfundisha kwamba jibu sahihi ndilo lililo kitabuni, na kwamba namba kaidi humpunguzia alama. Lakini kama Appleton angalifuta kila kilichokataa kulingana na nadharia safi ya Chapman, lile bonde la ikweta lisingaliandikwa katika makala yake, na ulimwengu ungalilisubiri mtu mwingine mwaminifu zaidi.

Sisemi kwamba kila nukta iliyopotoka ni ugunduzi. Nyingi ni makosa ya mkono au ya chombo, na mwalimu ana wajibu wa kulisema hilo. Ila njia ya kubainisha kosa na ukweli mpya si kufuta. Ni kurudia kipimo, kuandika yote mawili, na kuuliza kama kuna mpangilio mwingine unaoweza kuzipatanisha namba. Appleton hakuzibadilisha namba zake. Alibadilisha namna ya kuzipanga. Mwalimu anayempa alama mwanafunzi aliyeandika kwa uaminifu kwamba nukta yake imekataa, na akaeleza alichofanya baadaye, anafundisha sayansi yenyewe.

Pengine kuna atakayesema kwamba hatuna vifaa. Ni kweli maabara zetu nyingi ni maskini, na serikali haiwezi kukwepa lawama. Hata hivyo tukumbuke kwamba Appleton na Barnett walitumia mtambo uliokuwa tayari unatumiwa kwa matangazo. Redio ya masafa mafupi, saa na daftari vinatosha kwa chama cha sayansi cha shule kuandika kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, ni lini sauti ya kituo fulani ilififia na ni lini ilirejea, kisha kulinganisha Machi na Juni. Simu za mkononi za leo nazo zina programu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi ya kila satelaiti. Mwaka mmoja wa kuandika bila kuruka siku utamfundisha kijana mengi kuliko muhula mzima wa kunakili ubaoni.

Haba na haba hujaza kibaba. Appleton alikuwa mwana wa mfanyakazi wa ghala, na heshima aliyoipata ilijengwa juu ya maelfu ya vipimo vidogo, vingi kati yake vikiwa vimechukuliwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mwalimu wa Fizikia atakapoingia maabara muhula ujao, na aanze kwa kuwaambia wanafunzi wake wasifute nukta iliyokataa.